Kinanda Kisichokosea

Kompyuta ya ofisi yetu ya walimu, hapa Nyamigogo, ni ya zamani, na ikishapata moto hupumua. Ina feni ubavuni inayotoa hewa ya vuguvugu yenye harufu ya vumbi lililoungua, na kila nikikaa kuandaa mitihani hewa ile hunipiga mkononi. Wenzangu hulalamika, wanasema ikatupwe. Mimi hunyamaza, maana harufu ile hunirudisha Ngara, kwenye kanisa la kigango chetu upande wa Mabawe, nikiwa nimechuchumaa kando ya benchi la kinanda. Pale ndipo nilipojifunza kuona aibu. Nasema kujifunza kwa sababu mtoto hazaliwi na aibu, hufundishwa, na mimi nilipata walimu wengi.

Mama yangu alikuwa mpiga kinanda. Wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi wakati wa vita, yeye akiwa binti mdogo, na masista waliompokea wakamfundisha kinanda cha kizamani, kile cha kupuliza kwa miguu. Unakanyaga vibao viwili chini, mfuko wa ngozi ndani unajaa upepo, upepo unapita, sauti inatoka. Alipoolewa kwetu akakuta kanisani kinanda kama hicho, kimeachwa na wamisionari, kuku wanatagia juu yake kwa sababu hakuna aliyejua kukipiga. Akawafukuza kuku, akakipiga. Kuanzia hapo jina lake likabadilika. Sokoni, kwenye jumuiya, hata kwa mtendaji wa kijiji, hakuwa tena "yule mama wa Kirundi". Akawa Mwalimu. Wazee wenye mvi walimsalimu, "Mwarimu, umeamkaje," kwa ile r yetu ya huku, na mimi nikawa mtoto wa Mwalimu.

Labda mliokulia kwenye nyumba zenye mambo mengine ya kujivunia hamtanielewa. Baba alikuwa akilima vibarua huko Nyarubungo, Biharamulo, tukimwona kwa misimu. Ng'ombe hatukuwa nao. Shamba la migomba lilikuwa la kuazima, na mwenye shamba alikuwa anapenda kutukumbusha. Tulichokuwa nacho ni jina hilo tu, na nililivaa kila mahali kama nguo ya sikukuu.

Halafu panya wakala ngozi ya kinanda. Kikakohoa Jumapili kadhaa, kikanyamaza kabisa. Kwaya ikawa inaimba kwa ngoma na kayamba, na Mama akawa anakaa benchi la nyuma na wanawake wengine, mikono mapajani, kama mtu aliyepoteza kazi. Wakati huo parokiani kulikuwa na Bruda mmoja mgeni, mrefu, aliyeletwa kufunga pampu za maji na umeme wa jua. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kimenyooka mno. Alipoona kinanda kile kimekufa alikipapasa kwa huzuni ya kweli, akasema atarudi.

Alirudi na kompyuta ya zamani, vibao viwili vya kupigia kwa mikono, na spika kubwa. Fundi seremala wa kijijini akamtengenezea vibao vya miguuni kwa mbao za mninga, vimepangwa kama ngazi iliyolazwa chini. Kila ubao ulikuwa na waya wake unaokwenda kwenye kompyuta. Mama akavizunguka mara nyingi bila kuvigusa.

"Ndani ya hiki hakuna sauti ya mtu," Bruda akamwambia, nami nimesimama pale nikitafuna muwa. "Vinanda vingine vya kompyuta, watu wanakwenda kwenye makanisa makubwa, wanarekodi filimbi moja moja, na wewe ukibonyeza unasikia kilichorekodiwa. Hiki hakikurekodi chochote. Hiki kinahesabu. Unabonyeza, nacho kinajiuliza: filimbi ndefu kiasi hiki, yenye mdomo wa namna hii, upepo ukiingia kwa nguvu hii, ingelia vipi? Kisha kinalia hivyohivyo."

"Na filimbi zenyewe ziko wapi?" Mama akauliza.

"Hazipo. Hazijawahi kuwapo mahali popote."

Mama akacheka, akaziba mdomo kwa khanga. Bruda akamwambia kwamba kwa kuwa hakuna kilichorekodiwa, wanaweza kuitengeneza filimbi yoyote anayoitaka, nene au nyembamba, ya mti au ya bati. Achague tu. Mama akafumba macho. Akasema babu yake alikuwa na filimbi ya wachungaji, na kabla ya sauti kutoka ilitangulia pumzi kidogo, "fff", ndipo sauti ikafuata nyuma yake kama ndama. Walikaa alasiri nzima, Bruda akisogeza vitu kwenye kioo cha kompyuta, Mama akitikisa kichwa, hapana, hapana, bado. Jua lilipokuwa linashuka Mama akabonyeza tena, pumzi ikatangulia, sauti ikafuata. Mama akaondoa mkono kama ameungua. Halafu akabonyeza tena, akaacha kidole palepale mpaka Bruda akaangalia pembeni.

Mimi nilielewa kwa namna yangu. Nilishaona kinanda cha zamani kikijazwa upepo kwa miguu, na sasa nikamwona Mama anakanyaga mbao, na nilipoweka mkono ubavuni mwa kompyuta nikaisikia ikitoa pumzi ya moto. Nikajua. Mama anaijaza upepo kwa miguu, nayo inapumua na kuimba. Shuleni nikawatangazia wenzangu kwamba kompyuta yetu ina mapafu. Walicheka mpaka mwalimu wa zamu akaja kuuliza kuna nini. Rafiki yangu Jenita alinitetea, akasema labda ni kweli, maana wazungu hawashindwi kitu.

Basi, miguu. Mama alipiga pekupeku, kwa sababu kwa viatu angekanyaga mbao mbili badala ya moja. Miguu yake ilikuwa ya mkulima, ina magaga ambayo ungeweza kuficha punje ya mtama ndani yake. Magoti yalikwenda huku na huku, moja kulia, jingine kushoto, mbele ya altare, mbele ya wanaume. Jumapili ya kwanza wanawake wa jumuiya waliangaliana. Jumapili ya pili mama yake Jenita, aliyekuwa kiongozi wao, akaja nyumbani na kitenge kipana.

"Mwalimu, usichukie," akasema. "Tundike hiki mbele ya benchi. Muziki tunaupenda. Magoti yale ndiyo yanatusumbua."

Mama akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Aliyefurahi kuliko wote ni mimi. Nilikuwa nimekaa Jumapili mbili nzima na watoto wenzangu nikiangalia magaga ya mama yangu, nikiomba ardhi ipasuke. Kitenge kiliponing'inizwa nikashusha pumzi.

Sasa wakaja watu kutoka vigango vingine kusikiliza. Sauti ilijaa kanisa mpaka mabati yakawa yanatetema: mkono wa kulia unaimba, wa kushoto unaitikia, chini kabisa kuna besi kama ngurumo ya mbali, na juu ya yote ile filimbi ya mchungaji na pumzi yake. Watu walikuwa wakikaa mbele makusudi. Na kwa kuwa kitenge kilificha miguu, walichoona ni mwanamke mmoja mwembamba na mikono yake miwili. Nao si wajinga. Wakaanza kuhesabu sauti. Mikono miwili, mbona sauti ni nyingi? Nani anapiga besi? Na mwenye filimbi amejificha wapi?

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka zile enzi za kwaya kutoa sidii na video. Kila kwaya ilikuwa na video, wamesimama kwenye majani mabichi wakinyoosha mikono, na mpiga kinanda wao anapiga kinanda ambacho waya wake umelala chini, haukuchomekwa popote. Tulijua na hatukujali. Mpaka siku moja kwaya ngeni ikaja kwetu kwenye sherehe, ikaimba kwa pleibeki, na wakati wa matoleo sidii ikakwama. "Pokea, pokea, pokea, pokea," ikasema, na wao wamefumba midomo. Paroko alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Akatangaza hapohapo kwamba Mungu hasifiwi na sidii, na atakayeleta pleibeki tena kanisani kwake hataimba tena.

Baada ya hapo macho yote yakahamia kwenye kitenge chetu. Hakuna aliyesema waziwazi. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Mzee Saverini alikuwa mwenyekiti wa kigango. Sitaki mmchukie. Alikuwa mtu mkweli, mwenye ukweli wa kelele kidogo, na kanisa lile alilijenga kwa mikono yake, tofali kwa tofali. Jumapili moja, baada ya komunyo, Mama anapiga na watu wametulia, Mzee Saverini aliinuka kwenye kiti chake, akatembea mpaka kwenye kinanda, akainama kuichungulia kompyuta. Ubavuni kulikuwa na flashi ndogo inayowaka taa ya kijani. Akaitazama, akatutazama sisi, akaichomoa.

Kanisa likanyamaza. Ingekuwa afadhali lingenyamaza lote. Mama alikuwa amefumba macho, hakujua, akadhani ni spika, na mikono yake ikaendelea kupiga. Vidole vilikwenda juu na chini bila sauti yoyote, na nyuma ya kitenge miguu ikagonga mbao kavu, ko, ko, ko. Kila mtu aliona. Kila mtu alimsikia mama yangu akipiga kimya.

"Mwarimu," Mzee Saverini akasema, taratibu, kama anayemwamsha mgonjwa. "Wimbo uko humu."

Mama akafumbua macho. "Hapana, mzee. Hiyo ni funguo. Bruda alisema programu haifunguki mpaka funguo iwepo. Bila hiyo hainiruhusu kupiga."

"Funguo." Akaigeuzageuza kiganjani. "Na mlango uko wapi?"

Mtu akacheka nyuma. Halafu wengine. Mzee Saverini hakucheka. Akaitia flashi mfukoni, akasema itapelekwa kwa Paroko. Mama akainuka, akatafuta ndala zake kwa miguu chini ya benchi, hakuziona, akatoka pekupeku kupitia mlango mkubwa, katikati ya watu wote. Mimi nilibaki nimekaa. Sikujua kama niko upande wake au upande wa benchi.

Kabla ya kumfikia Paroko, flashi ilipita dukani. Vijana waliichomeka kwenye sabufa ya muuza duka wasikilize huo wimbo ulioibwa. Sabufa haikutoa kitu. Wakajaribu kwenye redio, haikutoa kitu. Mtu mwenye akili angesema, basi, hamna wimbo humu. Wao wakasema Mwalimu kaufunga kwa namba za siri. "Huyo mwanamke ni mjanja," nikamsikia mmoja akisema, kwa sauti ya kumsifu kabisa. Bruda alikuwa ameshamaliza mkataba wake, amerudi kwao, na namba yake haikupatikana. Paroko alimwita Mama, akamwambia, "Mama, mimi nakuamini. Ila siwezi kuwalazimisha waumini nao waamini."

Jina likaondoka upesi kuliko lilivyokuja. Kisimani nikasikia tena "yule mama wa Kirundi", na sasa lilikuwa na mkia: "yule wa flashi". Shuleni, nikipita, watoto walifungua midomo na kuipanua kama wanaimba, pasipo sauti, mikono ikichezacheza hewani. Hata Jenita, siku moja, alifanya, halafu akajifanya anapiga miayo. Nilimwonea Mama aibu. Nalisema kama lilivyokuwa. Jumapili nilitangulia mbele au nilibaki nyuma, ilimradi tusionekane pamoja njiani, na yeye hakuuliza kwa nini. Alibeba kiti chake kidogo, akakaa nje ya mlango wa kanisa pamoja na wanaonyonyesha.

Kilichonitesa zaidi ni kwamba nilikuwa nimemsikia Bruda kwa masikio yangu. Filimbi hazipo, hazijawahi kuwapo. Basi si wanasema kweli? Sauti ya kitu kisichokuwapo ni nini kama si uongo? Jioni moja tulikuwa tunamenya ndizi, mikono imejaa utomvu, nikauliza.

"Saba mara nane ni ngapi?" Mama akasema.

Nikafikiri. "Hamsini na sita."

"Umeona njiti hapo? Umeona mawe ya kuhesabia?"

"Hapana."

"Kwa hiyo umenidanganya?"

"Hapana, Mama. Nimehesabu."

"Haya. Nacho kinahesabu." Akaendelea kumenya.

Nilielewa, na nilifurahi kuelewa, lakini hesabu ile isingenisaidia kisimani. Nilikuwa nimeshasikia hoja yao ya mwisho, ile ambayo Mzee Saverini mwenyewe aliisema kwa huzuni nje ya duka: "Nimemsikiliza tangu kinanda hiki kije. Hajawahi kukosea. Hata padre hukosea misa. Mtu gani hakosei?" Nikaona njia imefunguka. Ilikuwa rahisi hivyo, na watu wazima wote hawakuiona.

"Mama," nikasema, "ukirudishiwa flashi, kosea."

Kisu kikasimama. "Nikosee nini?"

"Wimbo. Mahali pamoja tu, padogo. Sidii haikosei. Ukikosea watajua ni wewe."

Akakiweka kisu chini, akanitazama. Nilidhani ananisifu moyoni.

"Odeta, jirani akisema ndizi zangu ni za kuiba, kwa kuwa ni nzuri mno, nichague iliyooza nimpelekee Mungu altareni, ili jirani aridhike?"

"Ni moja tu, Mama."

"Usiniambie tena maneno hayo."

Nilimwambia tena. Watoto tunajua kuchimba. Nilimwambia asubuhi akinisuka, nilimwambia tukirudi na kuni, nikalia mbele yake siku waliponichora ubaoni nikiwa na mdomo wazi. Nilimwambia sitaki tena kuitwa mtoto wake. Hapo hakunikemea. Alinipangusa kamasi kwa pindo la khanga yake, akaenda kuwasha moto.

Askofu alikuwa anakuja kutoa Kipaimara. Paroko akaona haifai kanisa liwe bila kinanda siku hiyo, akarudisha flashi mbele ya wazee, akasema: Mama atapiga, na kila mwenye macho aangalie. Asubuhi ile Mama alifika mapema, akakifungua kitenge, akakikunja vizuri, akampa mama yake Jenita.

"Mwalimu, na magoti?" yule mama akanong'ona.

"Mficha uchi hazai," Mama akajibu.

Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Nilikaa mbele na watoto, na kati yangu na magaga ya mama yangu hapakuwa na kitu. Aliyapaka mafuta, yakawa yanang'aa, na hilo likayafanya yaonekane zaidi. Wimbo wa mwanzo ukaanza na askofu akaingia. Miguu ya Mama ilitembea juu ya mbao bila yeye kuiangalia, kisigino, kidole, kisigino, na kila ubao ulipoguswa besi ikanguruma palepale. Nikageuka kuwatazama watu. Niliona mikono imekunjwa vifuani. Jenita akanisogelea sikioni. "Watu wanasema anaigiza," akasema, kwa huruma. "Kama wale wa kwenye video."

Akapiga Utukufu, safi kama maji ya mwamba. Mikono vifuani. Akapiga zaburi. Mzee Saverini alikuwa anaangalia sakafu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetamani sana kuamini akashindwa. Nilijua misa ikiisha hivi, imekwisha kwetu. Ndipo Mama, kabla ya matoleo, akageuza kichwa akanitafuta kati ya watoto. Alinitazama. Sijui alichoona usoni kwangu. Najua nilichokuwa nakisema moyoni, na nadhani kilionekana.

Wimbo wa matoleo ulikuwa ule wa filimbi ya babu yake. Alianza peke yake, pumzi ikitangulia sauti, kwaya ikaingia, na kwenye mstari wa pili, mahali pa chini na pa utulivu, mguu wake wa kushoto ukaangukia ubao usio wake. Halikuwa kosa dogo. Besi ilibweka. Sauti ya kwanza wakapotea, wanaume wakasimama njiani, mtu akaimba peke yake neno moja akanyamaza, na askofu akainua kichwa. Mama akabonyeza kwa mikono yote miwili, akatafuta, akaupata wimbo, akaanza tena mstari ule. Masikio yake yalikuwa yameiva.

Na kanisa zima likacheka. Kilikuwa kicheko cha raha, cha watu waliotuliwa mzigo, na juu yake kigelegele kimoja, halafu vingi. Mikono ikafunguka vifuani ikaanza kupiga makofi kwa mapigo ya wimbo. Mzee Saverini alisimama, machozi yanamtoka. "Ni mwenyewe," alikuwa akiwaambia wa pembeni yake. "Si mmesikia? Ni mwenyewe."

Baada ya misa walimpanga foleni. Mzee Saverini alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwarimu, utusamehe. Leo tumekusikia."

"Asante, mzee," Mama akasema.

Nilikuwa na furaha isiyo na kipimo. Nilimshika mkono mbele ya watu wote, nikatembea naye barabarani katikati, nikimwamkia kila tuliyempita kwa sauti kubwa ili wajibu na kumtaja kwa jina lake. Marahaba, mtoto wa Mwalimu. Tulipofika kwenye mteremko wa kwetu, pasipo na watu, nikamuuliza: "Mama, ulikosea makusudi, eh?"

"Chukua ndoo, uende ukachote maji kabla kisima hakijajaa watu," akasema.

Nilidhani limeisha hapo. Nilikuwa mkubwa kidogo, nimeshaingia kwaya, amenifundisha noti, ndipo masikio yangu yalipofunguka. Kila Jumapili kulikuwa na kosa. Moja. Halikuwa kwenye vifungu vigumu, ambako mtu angekosea kweli. Lilikuwa mahali pepesi, mahali ambapo kila mtu angelisikia, na likishatoka Mama alitikisa kichwa kidogo, na watu wakatabasamu wakasukumana kwa viwiko. Mara moja, siku ya Pasaka, alijisahau akapiga misa nzima bila kukosea. Jumanne yake dukani mtu akauliza kwa mzaha kama flashi imerudi kazini. Jumapili iliyofuata alikosea mara mbili.

Nilisimama kwenye safu ya sauti ya pili nikilisubiri. Nilijifunza kulitambua likija, bega lake la kushoto lilikuwa linakaza, na kabla halijafika nilikuwa nimeshainamisha uso kwenye kitabu cha nyimbo. Niliwahi kuyaonea aibu magaga yake, niliwahi kuionea aibu mikono iliyopiga kimya. Aibu hii ya tatu sikuwa na wa kumwambia, maana kila mtu alikuwa amefurahi.

Sasa vidole vyake vimejikunja, hapigi tena. Nikienda Ngara kumsalimia watu hunisimamisha njiani kumsifu. Mwalimu alikuwa mtu wa watu, wanasema. Hakujikweza. Alikuwa anakosea kama sisi. Nawashukuru, nawasalimia wa nyumbani kwao, naendelea na njia. Sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba siku moja ya katikati ya wiki nilitumwa kumpelekea mwavuli, nikamkuta amejifungia kanisani peke yake, nikasimama nje ya dirisha, mvua inaninyeshea na mwavuli nimeushika mkononi. Alipiga wimbo ule wa matoleo, mwanzo mpaka mwisho, kisha akaurudia, na hakukosea popote.